Ncha ya Pua Bado Imevimba

SWALI: Daktari, miezi 3 iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kurekebisha umbo la pua, lakini kila asubuhi nikiigusa ncha naikuta nene na ngumu. Je, nifanyiwe tena? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Usiharakishe, dada yangu. Uvimbe wa kuzunguka macho huisha baada ya wiki chache, ilhali ule wa ncha ya pua, hasa kwa wenye ngozi nene, huweza kuchukua mwaka 1 au zaidi, kwa kuwa ngozi huchelewa kunywea juu ya gegedu (sehemu inayonyumbuka, laini kuliko mfupa, inayoipa ncha ya pua umbo) iliyochongwa. Ndiyo maana wapasuaji wengi hawakubali kurudia kazi hiyo kabla ya miezi 12. Hata hivyo, ukipata homa, usaha au shida ya kupumua, mwone daktari leo hii.