Kwa nini Ufunuo wa Yohana ulibaki na wa Petro ukaachwa?

Swali: Je, ni Mtaguso wa Nikea (mkutano wa maaskofu) wa mwaka 325 ulioondoa Ufunuo wa Petro na Mchungaji wa Herma, maandishi mawili ya kale ya Kikristo, katika Biblia? Na kama ndivyo, ulitumia kipimo gani?

Jibu: Hapana. Kanuni 20 za Nikea zinahusu nidhamu ya Kanisa, wala hakuna hata moja inayoorodhesha vitabu vya Maandiko. Tena, kusema “kuondoa” ni kudhani kwamba orodha ilikuwa imekwisha kufungwa, ilhali kwa karne kadhaa kilichokuwapo ni desturi za makanisa mbalimbali: kitabu gani kisomwe mbele ya waumini, na kipi kisomwe faraghani.

Tofauti hiyo inaonekana wazi katika Hati ya Muratori, orodha ya kale ya vitabu vya Agano Jipya, ambayo wataalamu wengi huiweka mwishoni mwa karne ya 2, ingawa wengine huisogeza hadi karne ya 4. Mwandishi wake anapokea ufunuo wa Yohana na wa Petro, lakini anakiri kwamba baadhi ya wenzake hawataki huo wa pili usomwe kanisani. Kuhusu Herma anaruhusu kisomwe, ila si hadharani, kwa sababu kiliandikwa karibuni, baada ya zama za mitume. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo kilipo kipimo unachokitafuta: mwandishi huyo hadai kwamba Herma anafundisha uzushi, kinachokosekana ni asili ya kitume.

Msomaji asidhani, hata hivyo, kwamba Ufunuo wa Yohana ulipita bila pingamizi. Katika karne ya 3 Dionisi, askofu wa Aleksandria, alilinganisha Kigiriki cha kitabu hicho na cha Injili ya Yohana akahitimisha kuwa waandishi ni wawili, na Eusebio wa Kaisaria, mwanahistoria wa Kanisa, akautaja miongoni mwa vitabu vinavyokubalika na pia miongoni mwa visivyo halisi. Peshita, Biblia ya kale ya Kisiria, haikuwa nao. Atanasi, askofu wa Aleksandria, aliuingiza katika orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya aliyoitoa katika barua yake ya mwaka 367, na katika barua hiyohiyo akamwacha Herma nje ya orodha ya Maandiko, lakini akakipendekeza kitabu chake kwa wanaoanza kufundishwa imani.

Ufunuo wa Petro haukupata hata nafasi hiyo. Sozomeno, mwanahistoria wa Kanisa wa karne ya 5, anasimulia kwamba makanisa kadhaa ya Palestina bado yaliusoma mara moja kwa mwaka, siku ya Ijumaa Kuu. Baadaye nakala zake zilipotea, hadi sehemu ya maandishi ya Kigiriki ilipofukuliwa kaburini huko Akhmim, Misri, katika majira ya baridi ya 1886 na 1887.