Usinunue CD4 za kwenye chupa

Swali ninaloulizwa zaidi siku hizi na wenzangu kwenye benchi la CTC, kliniki yetu wenye VVU, halihusu dawa. Ni hili: "Dada, mbona hawanipimi CD4 tena?" Sijajibu, simu imeshatolewa, naonyeshwa tangazo la WhatsApp: chupa ya unga wa kijani, eti inapandisha CD4 ndani ya wiki mbili. Bei yake ni nauli ya kliniki ya mwaka mzima na chenji inabaki.

Ninaishi na VVU na nimekuwa mwelimisha rika muda wa kutosha kuzijua chupa hizo kwa rangi. Ushauri wangu ni usinunue. Ila mtu mwenye hofu hatulii kwa neno moja, kwa hiyo tuzungumze CD4 zenyewe ni nini.

Ni seli nyeupe za damu, za kundi la kinga liitwalo seli T. Kliniki tunaambiwa ni askari. Sawa, lakini muuaji hasa ni ndugu yake, CD8. Hiyo ikikuta seli iliyoingiliwa na virusi huitoboa na kuimiminia vimeng'enya vinavyoilazimisha ife. CD4 mimi namwona kama mwenyekiti wa kamati ya harusi. Hapiki, habebi viti. Kazi yake ni kupiga simu. Siku akizima simu, mpishi yupo, mchele upo, na shughuli imelala. Seli B zinahitaji ishara ya CD4 ili zitengeneze kingamwili imara. CD8 nazo zinaihitaji ili zidumu. Halafu kuna makrofeji, zile seli zinazomeza vijidudu: zinaweza kummeza bakteria wa TB zikakaa naye ndani bila kumuua, mpaka CD4 izitie nguvu. Ndiyo maana TB hutuwahi sisi wenye VVU, wakati mwingine hata kabla namba haijashuka sana.

Sasa, seli hizi hazipatikani kirahisi. Seli T huanzia kwenye uboho wa mifupa, kisha huhamia kwenye thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Kazi ya tezi hiyo ilikuwa haieleweki mpaka 1961, Jacques Miller alipoonyesha, akiwa London, kwamba panya wachanga wakiondolewa thaimasi kinga yao huharibika vibaya. Mle ndani kila seli hujitengenezea kipokezi chake, yaani kifaa cha kumtambua adui, kwa kuchanganya vipande vya jeni, kila moja na bahati yake. Isiyoweza kutambua alama za mwili wako hufa. Inayotaka kuushambulia mwili wako, nayo kwa kawaida hufa. Zinazotoka salama hazizidi asilimia 5 au karibu na hapo. Na thaimasi huanza kusinyaa mapema, ikageuka mafuta kadiri umri unavyosogea. Aliyeanza dawa akiwa na miaka 50 na CD4 60 (idadi katika milimita moja ya ujazo ya damu) asijilinganishe na binti wa miaka 20. Hapandi kwa kasi ile, na wapo wasiofika 350 kabisa japo dawa zimevifubaza virusi vizuri. Hilo halina maana kwamba unazembea.

Zilizofaulu huzunguka kwenye damu na tezi za limfu zikisubiri. Kijidudu kikiingia, seli nyingine hukichukua kipande na kukipeleka kwenye tezi. Seli T yenye kipokezi kinachokifaa huanza kugawanyika, na wewe unaona mtoki umevimba. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Ikiisha, nyingi hufa na chache hubaki kama kumbukumbu kwa miaka.

Hapo kwenye kumbukumbu ndipo VVU ilipotuweza. Hujipachika ndani ya DNA ya seli iliyolala na kukaa kimya. Dawa huzuia virusi visizaliane, lakini hicho kilicholala hakifanyi lolote la kuzuiwa. Ukiacha kumeza kwa sababu CD4 zimefika 800, seli hizo zikiamka hakuna wa kuzizuia, na virusi hurudi, kwa watu wengi ndani ya wiki chache.

Turudi kwenye chupa. Tuseme hata inafanya kazi. Mwaka 2009 yalichapishwa majaribio mawili makubwa, ESPRIT na SILCAAT, ya watu zaidi ya 5,000 wenye VVU. Waliochomwa intaleukini-2, kemikali inayochochea seli T ziongezeke, juu ya ARV zao CD4 zilipanda kweli, tena zaidi ya wenzao. Lakini hawakuugua kidogo wala hawakufa wachache kuliko waliotumia ARV peke yake. Na hiyo ilikuwa dawa halisi ya hospitali, si unga wa kijani.

Ndiyo maana kliniki siku hizi inatazama zaidi wingi wa virusi. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mwenye VVU aanze dawa bila kusubiri CD4 zishuke, hivyo namba hiyo si mlango tena. Tena ni namba ya kuyumba: asubuhi na jioni hutofautiana, ukiwa na homa hushuka, ukiwa mjamzito pia. Kutoka 540 kwenda 470 huku virusi vimefubaa si habari. Kalale.

CD4 unaidai unapoanza dawa, unaporudi baada ya kuziacha, au virusi vinapopanda. Ikija chini ya 200, usiondoke bila kuuliza mambo matatu: Septrini (dawa ya kuzuia maambukizi nyemelezi), kipimo cha TB cha mkojo, na kipimo cha damu cha fangasi wa kriptokokasi. Huyo wa mwisho hushambulia ubongo, na huanza na kichwa kinachouma siku nyingi mfululizo. Kikiuma hivyo usinywe panado ukangoja tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo, na kadi yako mkononi.