Re: Skyrim bila kuruka kwa ramani, inachezeka?

Mkuu, umeuliza kama Skyrim, lile gemu la kompyuta la kuzurura dunia ya kubuni, inachezeka bila kubofya ramani na kuibukia unakotaka. Inachezeka vizuri tu, ila usijitese kutembea kila mahali.

Panda mikokoteni ya farasi. Ipo nje ya miji mitano: Whiterun, Solitude, Windhelm, Riften na Markarth. Nauli ni dhahabu 20 kwenda miji hiyo, 50 kwenda midogo kama Morthal. Na inakubeba hata ukiwa umelemewa na mizigo, wakati ramani itakukatalia. Shida ni kurudi, maana Morthal hakuna mkokoteni. Ni kama Hiace ya Moshi ikushushe pasipo hata bodaboda.

Kwa ladha yangu, Morrowind ya 2002, gemu la zamani zaidi la mfululizo huohuo, ilifanya hili vizuri zaidi. Hakuna kubofya ramani. Unapanda mdudu mkubwa wa kubeba abiria, unaunganisha na boti, au unamlipa mchawi wa Mages Guild (chama cha wachawi) akurushe mji mwingine. Njia unaipanga mwenyewe kichwani.

Umesema pia kompyuta yako ni ya zamani. Basi utafaidika: kila ukiruka lazima usubiri gemu lipakie sehemu mpya, ukitembea porini husubiri. Ila angalia kitu kimoja. Gemu hujisevu lenyewe unaporuka. Ukitembea tu hiyo hupati, na huku kwetu Arusha umeme haubishi hodi ukitaka kukatika, kwa hiyo bonyeza F5 kusevu mwenyewe mara kwa mara.