Maswali na majibu: Makoloni 13 hayakuungana siku moja

Tangu nilipogusia Katiba ya Marekani, maswali hayajakatika. Nimechagua machache, yanayojirudia nimeyafunga pamoja.

Je, ni kweli makoloni 13 yaliungana rasmi tarehe 4 Julai 1776? (Msomaji wa Morogoro, na wengine wengi mno)

Si kweli, na nimeshachoka kulijibu hili. Siku ile yalitangaza kuachana na Uingereza, basi. Ibara za Shirikisho, yaani mkataba wao wa kwanza, zilipitishwa na Kongresi, baraza lao la pamoja, Novemba 1777 na kuanza kutumika Machi 1781. Maryland, mojawapo ya majimbo hayo (makoloni ya jana), ilikuwa imegoma kuziridhia mpaka Virginia na wenzake waachie ardhi walizodai kule magharibi. Karibu vita vyote vya uhuru vilipiganwa bila hata mkataba huo.

Wazo la kuungana lilikuwa la nani?

Benjamin Franklin, mwanasiasa wa Pennsylvania, alipeleka mpango wake kwenye mkutano wa makoloni mjini Albany mwaka 1754. Mabaraza ya makoloni yaliukataa, na London nayo haikuutaka.

Kama Ibara za Shirikisho zilikuwepo, Katiba ya 1787 ilikuwa ya nini?

Fedha, ndugu yangu. Nimesema mara nyingi na nitasema tena: ukitaka kujua muungano ni wa kweli au wa maneno, tazama nani anashika mfuko. Kongresi ya wakati ule haikuwa na mamlaka ya kutoza kodi. Iliandikia majimbo kuomba michango, nayo yalitoa yalipojisikia. Mwaka 1781 ilipendekezwa Kongresi itoze ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia. Ilihitaji majimbo yote 13 yakubali. Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote, ikakataa. Jaribio la pili likakwama New York, ambayo haikuwa tayari kuachia mapato ya bandari yake.

Matokeo? Juni 1783 askari waliokuwa wanadai mishahara yao walilizingira jengo la Kongresi mjini Philadelphia wakiwa na bunduki. Wakuu wa Pennsylvania hawakutaka kuita wanamgambo wao, hivyo waheshimiwa wakafungasha wakahamia Princeton. Hiyo ndiyo serikali iliyokuwa imetoka kuishinda Uingereza! Miaka mitatu baadaye wakulima wenye madeni wa Massachusetts, Daniel Shays akiwa miongoni mwa viongozi wao, waliasi, na jeshi lililowazima lilichangiwa na matajiri wa Boston kwa sababu serikali ya pamoja haikuwa na senti.

Wanaofuatilia malimbikizo ya michango ya nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki pale Arusha wanajua kwa nini nayasema haya. Sarafu moja, bunge moja, bendera, yote mazuri. Kwanza tuambieni nani atalipa, na asiyelipa atafanywa nini.

Wajumbe wa mkutano wa Philadelphia wa 1787 walitumwa kuandika katiba mpya?

Hawakutumwa. Walitumwa kurekebisha Ibara tu. Wakafunga milango, wakakubaliana kutunza siri, wakakaa humo tangu Mei hadi Septemba 1787 na kutoka na kitu kingine kabisa. Ibara zilitaka majimbo yote yaafiki mabadiliko. Wao wakaandika kwamba 9 yanatosha. Tena wakayaruka mabunge ya majimbo na kutaka iridhiwe na mikutano ya wajumbe waliochaguliwa kwa kazi hiyo. Kwangu mimi walivuka mamlaka waliyopewa. Lakini mikutano ile ndiyo iliyoipa Katiba nguvu, maana ilibishaniwa hadharani: Massachusetts ilipita kwa kura 187 dhidi ya 168, Virginia 89 dhidi ya 79, New York 30 dhidi ya 27. Hoja za waliopinga ndizo zilizoleta marekebisho 10 ya mwaka 1791, yale ya haki za raia.

Naomba sababu tano za kuungana kwa ufupi, nina mtihani Jumatatu.

Mtihani ni wako, mwanangu. Soma hapo juu.

Mbona huzungumzii watumwa?

Swali zuri kuliko yote wiki hii. Majimbo ya kusini yalitaka watumwa wahesabiwe kwenye kugawa viti vya bunge, ilhali hawapigi kura. Wakakubaliana kila watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Kongresi ikazuiwa kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kabla ya 1808, na mtumwa aliyetoroka arudishwe kwa mwenyewe. Vitabu huyaita hayo maridhiano. Mkisikia neno hilo popote, ulizeni gharama imebebwa na nani, na kama alikuwemo chumbani. Mwaka 1861 suala lile lile liliwatumbukiza vitani wenyewe kwa wenyewe.

Sisi Tanganyika na Zanzibar tuliwezaje kwa siku chache tu? (Msomaji wa Unguja)

Hati za Muungano zilitiwa saini tarehe 22 Aprili 1964, na tarehe 26 tukawa nchi moja. Mambo ya Muungano yalianza 11, yakaongezeka hadi 22, na Katiba ya kudumu ikaja 1977. Mabishano ambayo wenzetu waliyamaliza kabla ya kuridhia, sisi tunayo hadi leo.

Jimbo la mwisho kuridhia Katiba ya Marekani lilikuwa lipi?

Rhode Island, ile ile iliyokataa ushuru na ambayo haikupeleka hata mjumbe Philadelphia. Washington alikuwa ameshakaa urais zaidi ya mwaka, na Seneti imepitisha muswada wa kukata nayo biashara, ndipo ikakubali. Mei 1790, kura 34 dhidi ya 32.