Kijana unayetaka kufuga Tanga, anza kwa bwana mifugo wa kata yako

Vijana wengi wakishajua nafuga huku Muheza swali lao la kwanza linakuwa lile lile, kaka ng'ombe wa mkopo wanapatikana wapi, mwingine anaulizia BBT, ule mpango wa serikali wa vijana kwenye kilimo na mifugo, mwingine anaulizia ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri. Wote huwa nawarudishia swali, bwana mifugo wa kata yako unamjua? Namba yake unayo? Ameshawahi kufika kwenu akaona hata hapo unapotaka kujenga banda? Wengi wanasema hapana, au wanasema tunamuona tu anapita na pikipiki.

Sasa ndugu zangu naomba mnielewe, sisemi msitafute mkopo wala msiombe kuingia kwenye miradi, tena mimi mwenyewe ng'ombe wangu wa kwanza alikuwa mtamba, yaani jike ambaye bado hajazaa, wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, mpango ambao unapewa mtamba mwenye mimba, akizaa jike unamlea ukamkabidhi mwenzako anayefuata kwenye orodha, na wewe unabaki na mama. Mradi ule ulinipa maisha. Lakini nilichokuja kuona kwa wenzangu tuliopewa pamoja ni kwamba waliofika mbali ni wale waliokuwa na mazoea na mtaalam kabla mnyama hajashuka kwenye gari. Ng'ombe wa kisasa akifika hana siku ya kukusubiri ujifunze, siku hiyo hiyo anataka majani, anataka maji, na kupe wa Tanga wanamuanza usiku huo huo.

Huu mkoa wetu una bahati ambayo vijana hawaioni. Miaka ya 80 ulianza hapa mradi wa ng'ombe wa maziwa kwa wafugaji wadogo ukisaidiwa na Uholanzi, ukazaa vyama vya msingi vya wafugaji, vyama vikazaa ushirika wao wa TDCU, na ndio huko kilikotoka kiwanda cha Tanga Fresh ambacho leo maziwa yake unayakuta mpaka Dar. Tuna chuo cha mifugo Buhuri hapo hapo mjini, tuna TALIRI ambao kazi yao ni utafiti wa mifugo. Kijana wa mkoa mwingine anasafiri siku nzima kutafuta vitu ambavyo wewe wa Pongwe au Maramba unavipata kwa nauli ya daladala. Wazee waliopewa ng'ombe enzi zile wanasimulia kwamba ulikuwa hupewi mnyama mpaka banda limesimama, majani yameota na umekaa darasani kwanza. Utaratibu ule ulikuwa wa maana sana na mimi naona hata pasipokuwa na mradi wowote kijana ajiwekee mwenyewe.

Kwahiyo unaenda kwa bwana mifugo kufanya nini wakati huna hata kuku? Unaenda kuuliza majani. Hili watu wanalidharau na ndilo linalowaangusha. Ng'ombe wa maziwa wa kilo mia nne anaweza kula kilo arobaini za majani mabichi kwa siku na zaidi, sasa wewe piga hesabu ya mwezi uone unahitaji shamba gani. Huku kwetu kuna majani ya tembo, kuna majani ya guatemala ambayo yanastahimili vizuri, kuna miti ya lukina na gliricidia ya kuongezea protini, na mtaalam ndio atakwambia kwa udongo wako na maji yako upande nini, na mara nyingi anajua nani ana mbegu au pando za kukugawia bure. Panda masika, mnyama aje baadae. Ukianza kukata majani ya barabarani na kuyabeba kwa baiskeli utaweza mwezi wa nne na wa tano, ikifika kiangazi, mwezi wa pili pale jua limekaza, utazunguka mpaka mashamba ya mkonge na hupati kitu.

Halafu kuna magonjwa, na hapa nataka nikae kidogo kwasababu hapa ndipo mtaalam anapokuokolea hela kuliko sehemu yoyote. Ugonjwa unaomaliza ndama wetu ni ndigana kali, inaletwa na kupe wa kahawia anayependa kukaa sikioni. Bwana mifugo wetu alinifundisha kumkagua ndama hivi: unalishika sikio unaligeuza ndani, unaangalia kwenye mikunjo kule chini na vidole vyako vinatembea huku macho yanaangalia, kupe wengine ni wadogo mno unawahisi kabla hujawaona. Ukimaliza unashusha mkono chini ya sikio, pale taya linapoanzia, unatafuta tezi. Ndama mzima tezi unaipapasa kwa shida, ndama aliyeanza kuugua inakujaa mkononi kama limau. Hapo unachukua kipimajoto unampima kwa nyuma, ikisoma nyuzi arobaini na kuendelea unapiga simu saa hiyo hiyo, husubiri kesho, husubiri mpaka aanze kuhema kwa shida na povu puani, manake dawa ya ndigana ni ya bei na inafanya kazi vizuri ukiwahi, ukichelewa unalipia dawa na ndama unamfukia.

Kipimajoto ni kitu kidogo sana na sijui kwanini nyumba nyingi za wafugaji hakipo. Nunua. Bwana mifugo ukimpigia ukamwambia "ng'ombe hajisikii vizuri" anakuwa hana pa kuanzia, ukimwambia "ana nyuzi arobaini na moja tangu asubuhi, tezi ya kushoto imevimba, amekataa pumba lakini maji anakunywa" anajua abebe dawa gani kwenye begi na anakuja mara moja badala ya mara mbili.

Na ndigana kali ina chanjo, ndama anachanjwa mara moja tu anakuwa na kinga ya maisha, anavishwa hereni kuonyesha ameshapata. Ila chanjo yenyewe inatunzwa kwenye mtungi wa naitrojeni yenye baridi kali na mrija mmoja unatosha ng'ombe wengi, ukishayeyushwa lazima uishe ndani ya masaa machache, kwahiyo mtaalam hawezi kuja kwa ndama wako mmoja. Ndio maana nasema mjuane wafugaji wa kitongoji chenu, mkusanye ndama siku moja sehemu moja, mmpe taarifa mapema. Sisi tulifanya hivo, tukachangishana, akaja akachanja wote asubuhi moja, na tangu hapo habari za ndama kufa kwa ndigana kwenye kundi letu zimepungua sana. Kuogesha bado tunaogesha kila wiki masika, usiache eti kwasababu kachanjwa, kuna ndigana baridi na magonjwa mengine ya kupe ambayo chanjo hiyo haiyagusi. Na wale wa Pangani na upande wa Bagamoyo karibu na Saadani mna mbung'o, nyie hata dawa ya kuogeshea muulize mtaalam ile inayofukuza na mbung'o.

Wa kuku nao wasijione hawahusiki. Kideri kikipita kijijini kinafagia banda zima, na chanjo yake ni tone moja la jichoni kila baada ya miezi mitatu, inatengenezwa hapo Kibaha. Tangu mwaka 2025 serikali ina kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, ng'ombe wanachanjwa homa ya mapafu, mbuzi na kondoo sotoka, kuku wa asili kideri, na ni kwa ruzuku. Ratiba inapitia kwa huyu huyu mtu wa kata ambaye wewe humjui.

Kuna jambo linaniumiza sana, ni hii tabia ya kukimbilia duka la dawa kabla ya kumuona mtaalam. Niliwahi kwenda duka moja nikaeleza tu kwamba ng'ombe anachechemea, hakuna aliyeuliza umri wala mimba wala anakamuliwa au la, nikawekewa chupa ya sindano mezani na bei. Ndugu zangu dawa zile zinabaki kwenye maziwa. Lebo imeandikwa siku za kumwaga maziwa baada ya sindano ya mwisho, na hayo maziwa usiyapeleke kituo cha kukusanyia maziwa, usimpe mtoto wa jirani, usiyagandishe mtindi. Mtu anayekunywa maziwa yako amekuamini. Na kituo wakigundua, unarudi na ndoo na jina la kikundi kizima linachafuka, wanaanza kuwakagua hata wale wasiohusika.

Bwana mifugo naye ni binadamu, mmoja anahudumia vijiji vingi, mafuta ya pikipiki yanaisha na barabara zetu masika mnazijua. Tunaompigia saa nane za usiku ng'ombe akiwa ameshalala chini tunamfanya aonekane hana msaada wakati sisi ndio tumechelewa kumuita. Mtu wa aina hii mpigie wakati mnyama ni mzima. Mpe taarifa ng'ombe akionyesha joto la kutaka dume, ukiona asubuhi anasimama akipandwa na wenzake na ute unatoka basi uhimilishaji, yaani kupandishwa kwa mrija, ni jioni, ukiona jioni basi ni kesho asubuhi, usimwambie siku ya pili. Akifika akute maji, sabuni, kamba na mtu wa kumshika mnyama. Akikuandikia kitu, kitunze. Na huduma ya kulipia omba risiti, inakulinda wewe na inamlinda yeye.

Lingine ni daftari. Marekani wana mpango wa vijana unaitwa 4-H, ulianza mwaka 1902 kule Ohio na baadae ukaunganishwa na huduma za ugani za kaunti, mtoto wa shule anakabidhiwa ndama au mbuzi amlee, na kinachoangaliwa sio mnyama peke yake, anaandika amemlisha nini, kwa gharama gani, ameongezeka uzito kiasi gani, na siku ya maonyesho anaulizwa maswali anajibu. Nilipoisoma habari hiyo nilitamani sana shule zetu za kata za Muheza na Korogwe ziwe na kitu kama hicho, mtoto amalize kidato cha nne akiwa na daftari la mbuzi wake. Lakini hata wewe mwenyewe leo unaweza. Daftari la shilingi mia chache, andika tarehe ya kupandwa, tarehe ya chanjo, lita za asubuhi na za jioni, pumba umenunua bei gani. Siku unaomba mkopo hilo daftari linaongea kuliko andiko la mradi ulilochapiwa stationari, kwasababu afisa akiuliza gharama ya lita moja kwako ni shilingi ngapi wewe unafungua ukurasa unamuonyesha.

Tuje kwenye mkopo sasa maana najua ndio mnausubiri. Ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri imegawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, haina riba, ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa 2024. Mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, mnahitaji kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya benki na andiko. Shida ninayoiona kwa vikundi vingi ni kuchagua mnyama asiyeendana na marejesho. Mnachukua mtamba ambaye hana mimba, mpaka apandwe, ashike, abebe miezi tisa, azae ndio mpate maziwa, huku marejesho yanadai. Mtakorofishana ndani ya kikundi kabla lita ya kwanza haijatoka. Kama hela ni ya mkopo na muda ni mfupi, tafuteni mtamba mwenye mimba kubwa iliyopimwa na mtaalam, au fanyeni kunenepesha, ambayo ni kama miezi mitatu tu unaingiza na kutoa.

Kunenepesha kwa sisi watu wa pwani kuna soko ambalo lina tarehe yake. Idi kubwa ipo mfunguo tatu, na kalenda ya Kiislamu inarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, kwahiyo hesabu kinyume chake, toa miezi mitatu na ushee, hapo ndio uende minada ya Handeni na Kilindi kununua mbuzi au madume yaliyokonda yakiwa bei ya chini. Mnunuzi wa Idi anaangalia meno, anaangalia kama ana kilema, jicho, mguu, sikio lililokatika, kwahiyo usichukue mnyama mwenye kasoro eti kwasababu kapunguzwa bei, huyo siku ya Idi hauziki kwa ibada. Kabla ya kununua nenda na bwana mifugo au mtu mwenye jicho, omba kibali cha kusafirisha, na wakifika watengwe na wale wa nyumbani kwa wiki mbili tatu kwanza, wapewe dawa ya minyoo, waogeshwe.

Na Nane Nane kanda yetu ya mashariki tunaenda Morogoro, sisi Tanga, Pwani, Dar na wenyewe Morogoro. Nenda na daftari lako, pita mabanda ya TALIRI na vyuo vya mifugo asubuhi kabla watu hawajajaa, ndio wataalam wanakuwa na nafasi ya kukaa na wewe, uliza mbegu za malisho, uliza nafasi za mafunzo ya vijana zinatangazwa lini na maombi yanapitia wapi.

Kwa wiki hii lakini fanya hili moja. Nenda ofisi ya kata asubuhi mapema, saa mbili, kabla bwana mifugo hajaingia vijijini. Jitambulishe, mwambie unakaa wapi na una eneo kiasi gani, muombe aje apaone siku atakayokuwa na ratiba ya upande wenu, muulize kati ya kuku, mbuzi na ng'ombe eneo lako linabeba nini na uanze kupanda majani gani. Andika anachokwambia mbele yake. Na ukitoka hapo pita mlango wa pili kwa afisa maendeleo ya jamii umuulize dirisha la maombi ya vikundi linafunguliwa lini.