Kabla hujatia sahihi ya kufuta cheo cha gavana Nairobi

Dada, umeuliza kama utie sahihi kwa vijana wanaopita mtaa wa Umoja wakitaka cheo cha gavana kifutwe na jiji lipewe meneja wa kuajiriwa, kisa takataka na mifereji mikavu. Hasira yako ni halali kabisa. Lakini iombe ile karatasi uisome pale juu: imeandikiwa nani? Ikiwa haina anwani wala mswada, usiache nambari yako ya kitambulisho.

Cheo cha gavana kimo ndani ya Katiba. Kubadili muundo wa ugatuzi, yaani mgawanyo wa madaraka kati ya serikali kuu na kaunti, hudai kura ya maoni, na mswada wa wananchi huanza na sahihi milioni 1 za wapiga kura waliosajiliwa. Bunge la kaunti peke yake haliwezi.

Halafu tumeshaonja kitu cha namna hiyo. Mwaka 2020 afya, uchukuzi, ujenzi na mipango ya jiji vilihamishiwa NMS, idara ya serikali kuu ya kuendesha huduma za Nairobi, chini ya jenerali wa kuteuliwa. Visima vilichimbwa, kweli, ila mwananchi hakuwa na kura ya kumwondoa. Hilo linanitisha kuliko takataka.

Mimi nisingetia sahihi. Andikeni ombi kwa bunge la kaunti kuhusu lori la taka la wadi yenu, mkabidhi na nakala kwa MCA wenu, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge hilo.