Tukisaini mkataba wa hifadhi, msitu utabaki wetu?

SWALI: Mimi na kaka yangu tuna ekari 140 za msitu huku Maine, tulizonunua kwa mkopo wa benki ambao bado tunaulipa. Shirika moja la hifadhi limetuomba tuweke mkataba wa kudumu wa hifadhi juu ya ardhi hiyo. Kwenye mkutano wa mji, mgombea mmoja alisema hiyo ni njia ya serikali kututwaa ardhi na kutuzuia kukata hata mti mmoja. Mwenzake akasema bila mikataba hiyo misitu yote itageuka viwanja, na mji utakula hasara. Mshauri wa kodi naye anatuambia tuachane na shirika, tuingie kwenye ubia wake, ambako kila dola moja tutakayoweka italeta punguzo la dola nne na nusu. Nani anasema kweli?

JIBU: Dada, wote watatu wanabishania hati ambayo haijaandikwa. Hilo ndilo linalonichosha kuliko yote katika kazi hii. Karibu kila wiki naulizwa kama mkataba wa hifadhi, yaani hati ambayo mwenye ardhi anaachia baadhi ya haki zake juu ya ardhi huku akibaki mmiliki, unaruhusu kuvuna magogo, kama unaruhusu kujengea watoto nyumba, kama unaruhusu wapita njia kuingia. Ni kana kwamba kuna mkataba mmoja uliochapwa Washington na kugawiwa kila kaunti. Haupo. Kuna hati yenu ninyi wawili, itakayosajiliwa kwenye daftari la ardhi la kaunti yenu. Kilichoandikwa humo ndicho kitakachowafunga ninyi na kila atakayeinunua ardhi hiyo baada yenu, na ambacho hakikuandikwa, msidhani kimo.

Mgombea wenu wa kwanza angeweza kujielimisha bila kutoka jimboni. Mwaka 2001 familia ya Pingree, hapo hapo Maine, iliuza haki za ujenzi kwenye ekari 762,192 kwa shirika la hifadhi la New England Forestry Foundation, kwa takriban dola milioni 28. Ardhi ilibaki ya familia na uvunaji wa magogo ukaendelea. Walichouza ni haki ya kuikatakata viwanja na kujenga. Kuhusu wapita njia, sheria ya kodi, ambayo humpa punguzo anayetoa mkataba kama zawadi, inadai umma uruhusiwe kuingia pale tu ambapo lengo la mkataba ni burudani au elimu ya umma. Mkataba wa kulinda makazi ya wanyama hauwalazimishi kufungua geti.

Wa pili naye asichekelee. Jirani zenu wa New Hampshire wana msitu wa Connecticut Lakes Headwaters, kama ekari 146,000, uliowekewa mkataba mwaka 2003. Wakati ule ilionekana dhahiri kwamba yeyote atakayeumiliki ataishi kwa kukata miti. Mwaka 2022 ukaangukia kwa kampuni inayofanya biashara ya kaboni, yaani inayolipwa kwa hewa chafu ambayo miti hufyonza na kuhifadhi, hivyo faida yake iko kwenye mti uliosimama. Miji kama Pittsburg na Clarksville, inayotegemea kodi ya asilimia 10 ya thamani ya miti inayokatwa, ikaingiwa na hofu, na mabishano yakafika kwa wabunge wa jimbo: je, mkataba ule unamruhusu tu mwenye msitu kuvuna, au unamtaka avune? Swali hilo liliulizwa miaka karibu 20 baada ya wino kukauka. Kama mnataka msitu wenu uendelee kutoa mbao, semeni hivyo ndani ya hati, kwa kifungu, na si kwa matumaini.

Hasara ya mji, yaani ya kodi ya ardhi, nayo hukuzwa, tena na pande zote mbili. Kama ekari zenu tayari zimo kwenye Sheria ya Kodi ya Ukuaji wa Miti ya Maine, ya mwaka 1972, basi mnatozwa kwa thamani ya msitu unaokua, wala si kwa thamani ya viwanja ambavyo vingeweza kupimwa pale. Mkataba hautabadilisha sana kiasi hicho. Angalieni bili yenu kabla ya kumwamini mtu yeyote mwenye kipaza sauti.

Wapo wanasiasa wanaotaka kupunguza muda wa mikataba hii ili kizazi kijacho kisifungwe. Hoja hiyo ina uzito wake, sikatai. Ila huwa hawasemi gharama yake. North Dakota iliweka kikomo cha miaka 99. Sheria ya shirikisho inadai mkataba uwe wa milele ndipo punguzo la kodi litolewe, na mwaka 2014 mahakama ya kodi iliamua kwamba miaka 99 si milele. Waliotoa mikataba yao kule wakabaki mikono mitupu. Maine haina kikomo hicho. Kwenu kuvunja mkataba ni kazi ya mahakama, na mwanasheria mkuu wa jimbo lazima awe sehemu ya kesi. Kwa hiyo msisaini mkidhani bunge lijalo litawafungulia mlango.

Jambo moja la kwenu hasa: benki. Kabla ya mkataba kusajiliwa, benki lazima ikubali kwa maandishi kwamba rehani yake itakaa chini ya mkataba, yaani hata ikiuza ardhi kwa deni, mkataba utabaki. Barua hiyo ikija wiki moja baada ya usajili, punguzo limekwenda.

Sasa mshauri wenu wa kodi. Huyo ndiye aliyenifanya nijibu barua hii mbele ya nyingine.

Punguzo halali linapatikana hivi: mthamini anakadiria msitu una thamani gani kabla ya mkataba na gani baada yake. Tuseme dola 200,000 kabla na 130,000 baada. Mmetoa zawadi ya dola 70,000. Hizo si fedha za kupokea, ni kiasi kinachoondolewa kwenye pato linalotozwa kodi. Kwa kiwango cha asilimia 22 mtaokoa kama dola 15,400, na kwa kawaida punguzo la mwaka mmoja haliwezi kuzidi nusu ya pato. Kinachobaki kinasogezwa mbele hadi miaka 15. Anayetoa mkataba halali anatoa kitu kweli, na anabaki na pungufu ya alichokuwa nacho.

Ubia wa mshauri wenu unageuza hesabu hiyo kichwa chini miguu juu. Watu wasioujua msitu wenyewe wanachangishana, msitu unanunuliwa kwa bei ya kawaida, kisha mthamini anatunga hadithi kwamba pale pangesimama mji wa hoteli wenye thamani mara nyingi zaidi, na wabia wanagawana punguzo la thamani hiyo ya kutungwa. IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, ilianza kudai washiriki wautangaze mpango huu rasmi mwishoni mwa mwaka 2016. Desemba 2022 bunge likapitisha sheria: punguzo likizidi mara mbili na nusu ya mtaji wa mbia, linakataliwa lote, si ile ziada peke yake. Umeachiwa nafasi ubia wa kifamilia na ardhi iliyokaa mikononi mwa wabia miaka mitatu. Mshauri wenu anawaahidi mara nne na nusu pamoja na wageni, leo. Thamani iliyokuzwa mara mbili au zaidi huleta pia faini ya asilimia 40 ya kodi iliyokwepwa. Januari 2024 mahakama ya shirikisho Georgia ilimhukumu promota mmoja wa ubia wa namna hii miaka 25 jela na mwenzake 23.

Na madhara hayaishii kwa walionaswa. Kila kashfa kama hiyo inampa mwanasiasa anayetaka kufuta punguzo lote mfano wa kupunga hewani, na mwenye msitu mwaminifu anaanza kukaguliwa kama mwizi. Kwa hiyo yeyote anayetaka kuingia kwenye mkataba, wa shirika au wa ubia, amuulize mthamini swali moja kabla ya kumlipa: ujira wako unahesabiwaje? Kanuni zinakataza mthamini kulipwa asilimia ya thamani anayoitaja. Akitaja asilimia, chukueni karatasi zenu mwondoke.